Kisiwa Chako, Ndoto Yangu

Sifa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga vijana wa kwaya na nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko mlangoni, limeshafungwa, nami nimeketi jikoni, sombe, majani yetu ya muhogo, iko motoni, kwa sababu nakataa uende kwa watu wa Ulaya tumbo likiwa na pizza. Mambo ya sweta, chaja na pasipoti sitayaandika. Hayo uliyajua kabla yangu, na tangu tufike Amerika ni wewe uliyekuwa ukinisomea mimi barua za shule na za hospitali. Naandika kwa sababu jana uliniuliza swali nami nikakimbilia kuosha masufuria.

Ulisimama hapo karibu na friji ukasema, "Mama, uliota? Just tell me. Ukisema nisiende, siendi." Nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari. Ukasema unataka jibu kabla hatujaingia kwenye gari la kwenda airport, kisha ukapanda ngazi bila kubamiza mlango, na kutobamiza kwako mlango kuliniuma zaidi. Hii nafasi ya kwenda Valletta, muhula mzima huko kisiwani Malta ukijifunza kuwaongoza watalii kwenye majengo ya kale, chuo kizima kiliitamani na wewe ukaipata. Uko tayari kuiacha kwa neno moja la mama yako. Sifa, nitakuambia ukweli: hilo lilinitisha kuliko ndoto yoyote niliyowahi kuota.

Wiki zote hizi umekuwa ukinionyesha kisiwa chako kwenye simu, tumekaa kwenye kochi, miguu yako juu ya mapaja yangu. Wewe ukiona kivutio, mimi huona kitu kingine. Ulinionyesha lile kanisa kuu ambalo sakafu yake yote ni makaburi. Askari watawa wa zamani wamelazwa chini ya marumaru za rangi, na juu yao kumechorwa mifupa ya watu, mmoja ameshika mundu, mwingine kama anacheka. Watalii wenye visigino vyembamba wanaambiwa wabadili viatu wasije wakaharibu mawe, halafu wanatembea juu ya wafu huku wanapiga picha. Ukasema, "Nzuri, eh?" Ni nzuri, sikatai. Lakini kwetu Uvira, milimani, mtu akikanyaga kaburi huomba radhi kwa sauti, hata kama hakuna wa kumsikia. Wewe utakanyaga hapo wiki baada ya wiki, na kundi la watu nyuma yako. Omba radhi, hata kwa Kiingereza.

Ukanionyesha ile bustani iliyo juu ya ukuta wa ngome, yenye matao, na bandari kubwa imelala chini yake. Ukasema kila siku adhuhuri wanaume waliovalia kama askari wa zamani hujaza mzinga na kuupiga, na watu hupiga makofi. Wewe ulicheka. Mimi niliangalia mikono yako. Hukumbuki milima, ulikuwa mgongoni mwangu, lakini mwili wako haukusahau ile milio ya bunduki. Kila Julai nne hapa West Side ya Buffalo, majirani wakianza kurusha fataki, wewe huvaa vile vispika vyako vya masikioni na kuniambia unasikiliza muziki tu. Nimekuwa nikijifanya nimeamini. Siku ya kwanza usisimame karibu na ule mzinga. Simama nyuma kabisa, shika ukuta, na moshi ukiisha angalia uone kwamba watu wote bado wamesimama.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha, nacho ni zile saa. Ulisema makanisa mengi ya huko yana saa mbili juu ya mlango, moja inasema kweli na nyingine inasema uongo, ili shetani asijue ibada inaanza lini. Na mashua za wavuvi zimechorwa macho mawili mbele, yanaangalia maji. Ulidhani nitasema ni ushirikina. Mimi nilikuwa nawaza: hao watu nawaelewa. Mtu hachori macho kwenye mashua bure. Kuna kitu alikiona huko majini, au babu yake alikiona, na hataki kukutwa akiwa amefumba macho.

Nami nimeishi hivyohivyo, macho wazi, maisha yangu yote ya ukubwani. Unaijua hadithi ya koko yako, mama yangu mzazi, lakini nataka uisikie tena sasa ukiwa mtu mzima. Koko aliota ng'ombe wetu wanaingia ndani ya nyumba kinyumenyume. Akatuamsha kabla ya alfajiri, akatufunga vitambaa vichwani kwa baridi, akasema tunakwenda. Majirani walimcheka. Mjomba alimwambia, "Dada, wewe unahama juu ya ng'ombe?" Koko akabeba sufuria akatoka, naye alikuwa mwanamke wa kujibu. Tulishuka mlima kwenye ukungu, mimi na wewe mgongoni, mdogo wangu Riziki ameshika sketi yangu. Tuliporudi baadaye kutafuta waliobaki, kijiji kilikuwa kimya. Hata mbwa hakubweka. Juzi uliponionyesha ule mji mdogo juu ya kilima, karibu na Valletta, wenye kuta nene, ambamo magari ni machache na watalii hutembea wakinong'ona, ukaniambia watu wa huko wanauita Mji wa Kimya, niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Sikuwa na kiu. Mimi mji wa kimya nimeshauingia, na sikuupiga picha.

Kwa hiyo ndoto moja ilituokoa. Bila hiyo nisingekuwepo, nawe usingekuwepo. Shida yangu, mwanangu, ni kwamba baada ya ile moja niliziamini zote.

Tulipokuwa Louisville, hapa hapa Amerika, ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumepata apatimenti ya chini, baba yako ana kazi kwenye ghala, mimi nasafisha hoteli, wewe una rafiki yule mtoto wa Kinepali wa mlango wa pili, mnaruka kamba mpaka mnaitwa mara tatu kula. Nikaota maji yanaingia chini ya mlango, meusi, hayana sauti. Mto haukuwa mbali. Nikampigia Mama Zawadi, ambaye tulikuwa naye kwenye kambi ya wakimbizi na alikuwa ameshahamia Columbus. Wakati ule alikuwa ameanza yale maombi ya kwenye simu, akina mama kutoka majimbo mbalimbali wanaingia kwenye laini moja, kila mtu analeta ndoto yake ivunjwe au itiiwe. Akaomba, akaniambia, "Tokeni huko. Mungu hasemi mara mbili." Nikakodi lori.

Baba yako alisimama mlangoni akiwa bado na fulana ya kazi. "Donc tunahama juu ya ndoto?" akasema. "Mama Sifa, ndoto zako zinakula essence mingi ya malori. Miye nabakia hapa." Nilidhani anatania. Nilidhani atatufuata mwezi unaofuata, kisha mwezi ule mwingine. Wewe ulilia ndani ya lori mpaka mpakani mwa Ohio, halafu ukanyamaza, na ule unyamavu wako niliuita utii. Unajua kila masika mto ukijaa baba yako hunitumia picha ya mlango ule. Chini anaandika, "Mayi haijafika." Nilikuwa nakasirika. Siku hizi naziangalia picha hizo muda mrefu, naangalia viatu vyake kwenye zulia la mlangoni, viatu vya mtu mmoja. Nilimpoteza mume wangu akiwa hai, kwa sababu ya maji ambayo hayakuja, na wewe ulimpoteza baba wa kila siku ukabaki na baba wa Jumapili kwenye simu. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Naomba sasa.

Columbus unaikumbuka vizuri. Nyumba ya mtaa wa Linden yenye ngazi iliyooza, panya wenye haki zaidi yetu, na Riziki, aliyetufuata akitokea Kenya, akilala na wewe kitanda kimoja. Riziki hakuwa na habari na ndoto. Alikuwa akisema mimi nina televisheni kichwani isiyozimika. Alicheka na kila mtu, hata na mwenye nyumba. Ukweli ni kwamba sijui kama nimeshawahi kukuambia jinsi alivyokuwa akikupenda, kwa sababu baada yake nilifunga mdomo.

Asubuhi ile ya theluji alitoka kwenda shifti yake ya ghalani kwa gari la rafiki yake. Wewe ulikuwa unamtafutia glavu. Gari liliteleza chini ya lori. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba usiku wa kuamkia siku ile nililala fofofo. Sikuota kitu. Mimi niliyeota maji ya Louisville, niliyeota meno, nyoka, harusi za watu nisiowajua, usiku mmoja ule niliohitaji kuamshwa, hakuna aliyekuja kuniamsha. Kwenye mazishi Mama Zawadi alinishika akaniuliza kwa upole kama nilionyeshwa kitu nikapuuza. Alimaanisha kunifariji, nadhani. Yule mama ndiye aliyetupa godoro la kwanza, ndiye aliyemvisha Riziki nguo ya mwisho kwa mikono yake, kwa hiyo usimchukie. Lakini swali lile nililibeba kwa miaka. Nilijichunguza kila kona nione kama kulikuwa na ishara niliyoikosa. Hakukuwa na ishara. Kulikuwa na barafu barabarani.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilizidi. Nilihamisha nyumba tena, tukaja huku Buffalo, kwa sababu sikuweza kupita ile barabara, na nikaanza kuogopa kwa niaba yako kila kitu kilicho na magurudumu au maji. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikushtusha wewe, ambaye hakuna nyoka aliyekuuma. Darasa lenu lilipokwenda Niagara sikukubali uende. Unakumbuka? Maporomoko ambayo watu wanavuka dunia nzima kuja kuyaona yako karibu na nyumba yetu, na wewe ulibaki shuleni siku nzima unachora na yule mama wa ofisini. Rafiki zako walirudi na makoti ya plastiki na nywele zilizolowa. Uliniambia, "It's okay, Mama." Ulikuwa umeshajifunza kunihurumia, na mtoto hapaswi kufanya kazi hiyo.

Sasa nikuambie nilikokwenda mwezi uliopita, ile Jumanne niliyosema nina ovataimu kwenye nyumba ya wazee. Sikuwa na ovataimu. Nilipanda basi nikaenda Niagara peke yangu. Niliwaza, kama siwezi kusimama mbele ya maji yaliyo jirani, nina haki gani ya kusema lolote juu ya bahari ya mwanangu?

Sauti niliisikia kabla sijaona kitu, nikataka kurudi. Nilisimama kwenye njia, wazungu wananipita, nimekumbatia mkoba kama mwizi yuko karibu. Halafu nikasogea. Maji yale, Sifa, hayafanani na video. Yanakwenda kijani na laini mpaka ukingoni, halafu hayapo. Yametumbukia. Nilishika chuma kilicholowa kwa mikono miwili. Pembeni yangu kulikuwa na mama wa Kihindi amevaa sari na viatu vya michezo, na watoto wake wanne wanapiga kelele. Akanipa simu niwapige picha. Nilimkata kichwa mume wake. Akaangalia, akacheka mpaka akafuta machozi, akanirudishia simu nijaribu tena. Mume naye akasimama wima kabisa safari hii, kama yuko ofisi ya uhamiaji. Nikajikuta nacheka. Nyuma yetu mtu anauza aiskrimu, na kulikuwa na foleni. Foleni! Kwenye baridi ile, kando ya kitu kinachoweza kummeza kila mmoja wetu bila hata kubadilisha sauti.

Nikaelewa kidogo kazi unayokwenda kusomea. Hao watu hawakuwa wajinga. Waliyaona maji vizuri kama nilivyoyaona mimi. Waliyatazama mpaka wakashiba, halafu wakaenda kula. Nami nilinunua aiskrimu nikaimaliza kwenye basi, meno yananiuma.

Ningependa kukuambia kwamba siku ile ndoto zilikoma. Nilikwenda nikidhani nikiyatazama maji ana kwa ana, ile inayonisumbua itakufa. Haikufa. Ilirudi wiki ileile, na imerudi tena juzi, na kila ikirudi inaanzia mbele kidogo ya pale ilipoishia. Ndiyo sababu sili vizuri. Ndiyo sababu Jumapili ulinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma bila koti. Unanijua, usingeuliza swali lile jana kama hukuwa umeona.

Mama Zawadi naye ameona. Amepiga leo mchana kutoka Reynoldsburg, kando ya Columbus, nikiwa natwanga vitunguu saumu. "Mama Sifa, banasema mutoto anapanda ndege kesho. Nilikuona uso kwenye video Jumapili. Wewe iko na kitu. Ile ndoto ilete kwenye maombi leo tuivunje, ao mutoto asipande. Asiyesikia la mukubwa…" Akaniachia nimalizie mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, niko napika." Nilitaka kumwambia kwamba mimi la mkuu nimelisikia kila mara, na guu limevunjika vilevile. Sikuthubutu. Nilisema nitampigia jioni, na jioni imefika, na simu nimeigeuza uso chini hapa mezani.

Nikiipeleka ndoto hii kwenye laini, kabla sombe haijaiva akina mama wa majimbo yote watakuwa wanaijua. Mmoja atakupigia akulilie. Mwingine atakutumia sauti ya dakika kumi ukiwa kwenye foleni ya ndege. Utafika kisiwani ukiwa umebeba kitu ambacho si chako, na kila utakachoonyeshwa utakiangalia kupitia humo. Ukipanda kile kivuko cha kwenda upande wa pili wa bandari, utakuwa unaitafuta. Ukishuka kwenye yale makaburi ya chini ya ardhi, yaliyochongwa ndani ya mwamba na watu waliokuwepo kabla hata jina la kisiwa halijajulikana, utakuwa unaitafuta. Hata kwenye ngazi za mji, zile barabara zinazoteremka moja kwa moja mpaka baharini, kati ya roshani za mbao za kijani na nyekundu. Ninajua kwa sababu ndivyo nilivyoishi Louisville. Nilikuwa na nyumba nzuri nikawa naangalia chini ya mlango.

Kwa hiyo ndoto sitakuandikia. Hata kama ina maji au haina sitasema, maana ukijua haina maji utaanza kuogopa nchi kavu.

Lakini sitakudanganya pia kwamba kisiwa hicho ni salama kama video zake. Uliniambia mwenyewe kuhusu lile dirisha kubwa la mawe lililokuwa limesimama baharini, watu wanatoka mbali kuja kupiga picha chini yake, na dhoruba ikaja siku moja likaanguka lote. Sasa watalii wanaletwa kuangalia mahali ambapo halipo. Vitu huanguka, mwanangu, hata vilivyosimama tangu zamani, na kabla ya kuanguka havitangazi. Ukiambiwa rudi nyuma, rudi. Usipande mwamba kwa ajili ya picha ya mtu mwingine.

Tena kuna jambo la kisiwa hicho ambalo kwenye video za utalii halimo. Watu wa rangi yetu wanakifahamu kwa mlango mwingine. Wanafika kwa boti za mpira, wengine hawafiki. Itatokea siku moja uko bandarini na mtu mwenye sare akuangalie, asione msichana wa chuo kutoka Buffalo, aone boti. Toa pasipoti yako taratibu, sema unachotakiwa kusema, usiinue sauti. Na ikiwa pembeni yako kuna mtu ambaye hana ya kutoa, usikimbilie kumwonyesha yule wa sare kwamba wewe si wao. Sisi tofauti yetu na wao ni foleni tu, yetu ilisogea. Msalimie kwa Kiswahili, huwezi kujua, labda ni mtu wa Uvira.

Wazee wa kanisani wao wamefurahi sana, kwa sababu kisiwa chako wanakiita Melita, na wanakijua kwa ajili ya Mtume Paulo, meli iliyovunjika, na nyoka aliyemng'ang'ania mkono mbele ya moto. Wanakipenda kisa hicho kwa kuwa Paulo hakufa. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nawaza juu ya wale wenyeji waliokaa wakimtazama, wakisubiri avimbe. Walikuwa na hakika. Walikaa, wakasubiri, hakuna kilichotokea, na nadhani ilikuwa vigumu kwao kuinuka na kwenda kupika. Nimekaa miaka mingi na watu hao, Sifa. Nimekuwa mmoja wao. Nimekutazama tangu ulipoanza kutembea, nasubiri uvimbe.

Nimechoka kukutazama hivyo. Siwezi kukuambia hofu imeisha, iko hapa nami inanifuata kutoka jiko mpaka meza. Koko alituamsha akatuokoa, na kuna sauti ndani yangu inayosema mama mzuri ni yule anayeamsha, na kwamba mimi kesho nitakuwa yule mama aliyejua akanyamaza. Nimegombana na sauti hiyo tangu jana. Sikuishinda. Ila nimekumbuka kwamba koko alipotuamsha aliamka naye. Alishuka mlima na sisi, akabeba sufuria, akala matope tuliyokula. Mimi ninachotaka kufanya kila nikikuzuia ni kukuambia wewe tu ukae, ili mimi nilale usingizi. Hiyo si kazi ya koko, na usingizi wangu usikae kwenye sanduku lako.

Nimesikia mlango wa gari nje, nadhani ni wewe umeletwa. Sombe imeshika chini kidogo, utaila hivyohivyo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku, uisome leo chumbani, kisha kesho usinijibu kitu, niletee tu hicho kichwa chako nikiwekee mikono kabla hatujatoka. Ukifika usinipigie kila siku. Ukinizoesha, siku simu yako itakapoisha chaji nitakufia humu jikoni. Piga ukinikumbuka, hata baada ya wiki, na mimi nitajifunza kuishi na wiki.

Uliniuliza kama nimeota. Nimeota, mara tatu, na inakuhusu wewe.

Nenda.

Mama yako,
Mama Sifa